Kijana na Amana ya Ufuko

Katika shule zetu nyingi zilizo kando ya maji, yawe ni maji ya bahari au ya maziwa, vijana huitwa mara kwa mara kuutunza ufuko. Huitwa kuokota taka, kupanda miti, kuzuia moto wa matete, na kuwaonya wavuvi wasitumie nyavu zilizokatazwa. Wito huo hutolewa na walimu, na viongozi, na wageni wanaopita. Na kila anayeutoa huuona kuwa ni jambo jema lisilohitaji kuulizwa. Sisi pia twauona kuwa ni jambo jema. Lakini jambo jema nalo lina haki ya kuulizwa, maana lisipoulizwa hufanywa kwa mazoea, na linalofanywa kwa mazoea huachwa siku ile mazoea yanapochosha. Basi twapenda kuuliza: kijana anapoambiwa aulinde ufuko, analinda mali ya nani? Na yule aliyempa kazi hiyo, je, amempa pia na kauli juu ya kitu anachokilinda?

Swali hili laweza kuulizwa Mafia, au Tanga, au Pemba, au kando ya Ziwa la Viktoria. Tumechagua kuliuliza Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, na hasa katika pande za Ngana, ambako Mto Songwe ndio mpaka wetu na ndugu zetu wa Malawi. Tumefanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, Ngana yatufundisha kwamba ufuko huanza mbali na mchanga wa ziwa. Pili, katika nchi ile ya Wanyakyusa palikuwa na jadi ya kuwapa vijana ardhi na madaraka, na jadi hiyo yaweza kutusaidia kulijibu swali letu.

Tuanze na ziwa lenyewe. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilometa 550, na kina chake kikubwa kabisa ni mita 700 hivi. Hakuna ziwa jingine duniani linalojulikana kuwa na aina nyingi za samaki kuliko hili. Wataalamu wengi hukadiria kuwa ni aina 800 au zaidi, na sehemu kubwa ya aina hizo hazipatikani popote pengine. Mtu anayesimama Matema, Milima ya Livingstone ikiwa ubavuni mwake, huyaona maji yakienda hadi kuungana na mbingu, akadhani kwamba mali iliyomo humo haina mwisho. Dhana hiyo ni ya kawaida, nayo ni ya hatari. Kwa maana chini ya mita 250 hivi maji ya ziwa lile hayana oksijeni, na samaki hawawezi kuishi humo. Karibu uhai wote wa Ziwa Nyasa umo katika tabaka la juu, na aina zilizo nyingi zaidi huishi karibu na nchi kavu, penye mawe, penye mchanga, na penye matete. Ziwa ni kubwa, lakini nyumba ya samaki ni nyembamba, nayo iko mlangoni petu.

Tena maji ya ziwa lile hayana njia nyingi za kutokea. Sehemu kubwa hupaa hewani kuwa mvuke, na yanayobaki hutoka kwa njia ya Mto Shire peke yake, kule kusini kabisa, nchini Malawi. Kwa hiyo kinachoingia ziwani hukaa ziwani. Na upande wetu viingiavyo huletwa na mito: Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote katika nchi yetu, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo ndiyo inayoupa mchele wa Kyela sifa yake na kuistawisha mikakao na migomba. Lakini ndiyo hiyo hiyo inayochukua udongo wa ukingo uliolimwa hadi kwenye maji na kuupeleka ziwani. Mkulima wa Ngana anayekata matete ya ukingo wa Songwe ili aongeze matuta mawili, huenda hajauona ufuko wa Matema mwaka mzima. Lakini jembe lake limefika huko kabla yake.

Samaki aitwaye mbasa ni shahidi wa jambo hili. Mbasa huishi ziwani, lakini wakati wa mvua huacha ziwa na kupanda mito ili atage mayai mahali penye changarawe na maji safi yaendayo kasi. Akikuta nyavu zimepangwa kinywani mwa mto, hafiki. Akifika na kukuta changarawe imefunikwa na tope, mayai yake hayapati hewa. Leo wataalamu wamemtia katika orodha ya samaki walio hatarini. Wala hakuna mtu mmoja wa kulaumiwa. Mbasa amepungukiwa na njia kwa kazi ya mikono mingi, na kila mkono ulikuwa ukitafuta riziki.

Hapa ndipo swali la haki linapoanza. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Aliyelima hadi ukingoni, aliyetia utupa mtoni, aliyevuta kokoro na kuyabomoa mazalio ya samaki, aliyegeuza chandarua cha mbu kuwa wavu wa kuchota vifaranga, wote hao kwa kiasi kikubwa walikuwa watu wazima. Atakayekula janga lenyewe ni kijana, ambaye atapewa ziwa likiwa limepungua. Sasa twamwendea kijana huyo shuleni na kumwambia: njoo utengeneze. Kijana mwenye akili ana haki ya kujibu: mbona sikuharibu mimi?

Jibu hilo lisichukuliwe kuwa ni utovu wa adabu. Ni swali la maadili lililo zito, na mwalimu anayelinyamazisha kwa ukali huwa amepoteza nafasi ya kufundisha. Tulitazame kwa utaratibu.

Wako wanaosema kwamba kijana anawajibika kwa kuwa amekula. Samaki aliyemkuza alitoka ziwani, na wali aliokula ulitoka katika bonde lililolimwa. Basi na alipe. Hoja hii ina ukweli kidogo, lakini haitoshi. Mtoto hakuchagua chakula alichopewa, wala njia kilichopatikana. Kumdai mtoto deni la chakula cha utotoni ni kuugeuza uzazi kuwa biashara, na jadi zetu hazikuuona uzazi hivyo.

Wako wengine wanaosema kwamba ufuko ni urithi wa kijana, kwa hiyo ajitunzie chake mwenyewe. Hoja hii inavutia zaidi, lakini ndani yake mna hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba mrithi hungoja. Ufuko ukiwa ni urithi, basi leo ni wa mzee, naye aweza kuutumia apendavyo hadi siku yake ya mwisho. Hatari ya pili ni kwamba mrithi huwa mmiliki, na mmiliki huweza kuuza, na kuponda, na kugawa. Tukimfundisha kijana kwamba ufuko utakuwa wake, tumemfundisha pia kwamba siku moja ataweza kuufanya kama sisi tulivyoufanya.

Sisi twaona kwamba neno linalofaa ni amana. Amana ni kitu ulichopewa na mtu ili umfikishie mtu mwingine. Aliyepewa amana aweza kukaa nayo, na pengine hata kufaidika nayo kwa ruhusa, lakini hana haki ya kuipunguza. Tena amana humfunga kila aishikaye, awe mzee au mtoto, kwa kadiri ya nguvu zake. Tukiutazama ufuko kuwa ni amana, jibu la kijana asemaye ‘mbona sikuharibu mimi?’ hupatikana. Twamwambia: ni kweli hukuharibu, wala hatukuiti kwa sababu ya kosa; twakuita kwa sababu kitu hiki kimo mikononi mwetu sote sasa hivi, mikono yako ikiwamo, na nyuma yako wako wengine wasiozaliwa ambao hawana wa kuwasemea. Lakini jibu hilo lina sharti. Likisemwa na mzee ambaye mwenyewe ameitupa sehemu yake ya amana, hugeuka kuwa hila. Hakuna mzee awezaye kustaafu ulinzi wa ufuko na kumwachia mwanafunzi wa kidato cha pili.

Sasa tuitazame jadi tuliyoitaja. Godfrey na Monica Wilson waliishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na kitabu cha Monica Wilson juu ya vijiji vya rika vya Wanyakyusa kilitolewa mwaka 1951. Wazee wa Rungwe na Kyela hawakuhitaji kitabu ili kuyajua mambo hayo, lakini kwa vijana wa leo ni vizuri kwamba yaliandikwa. Mvulana alipofikia umri wa miaka kumi au kumi na mmoja aliondoka nyumbani kwa baba yake, akaenda pamoja na wenzake wa rika lake kujenga vibanda pembeni mwa kijiji. Walilala huko, wakaja kula kwa mama zao kwa makundi, wakawasaidia baba zao kulima. Kijiji hicho cha watoto kilikua pamoja nao, mpaka kikawa kijiji cha watu wazima wenye wake na mashamba. Na kila baada ya miaka thelathini hivi ilifanywa sherehe kubwa iitwayo ubusoka, yaani kutoka. Ndipo utawala wa nchi ulipokabidhiwa kwa kizazi kipya, ardhi ikagawanywa upya, na wazee wakajitenga wakawapisha wana wao.

Kiini cha maisha hayo kilikuwa ni kitu walichokiita ukwangala, yaani kukaa pamoja na wenzako kwa urafiki, kwa mazungumzo na kwa kupeana chakula. Wanyakyusa waliamini kwamba mtu hupata hekima kwa kuongea na marika zake, na kwamba anayejitenga hubaki mjinga. Kwao kijana alijifunza wajibu kwa kuishi mahali ambapo wenzake wanamtegemea, na ambapo uvivu wake au ukarimu wake unaonekana na wote.

Tunajifunza nini? Twajifunza kwamba wazee wale walijua siri moja ya malezi: kijana hupewa kazi pamoja na mahali, na hupewa wajibu pamoja na madaraka yanayolingana nao. Hakuambiwa ajenge kibanda katika ua wa mtu mwingine kisha akifukuzwe. Alichokijenga kilikuwa mwanzo wa kijiji chake. Na siku ya ubusoka ilijulikana, kwa hiyo kijana alijua kwamba nchi anayoilima leo pamoja na baba yake, kesho ataijibia yeye.

Hata hivyo tusiipambe jadi kwa rangi isiyo yake. Vijiji vya rika viliwezekana kwa sababu ardhi ilikuwa tele. Leo ardhi ya Kyela ni finyu, na hakuna pembe ya kijiji inayongoja kujengwa. Madaraka yale yalikuwa ya wavulana. Msichana hakuwa na kijiji cha rika lake, aliolewa na kwenda kukaa katika kijiji cha mumewe. Utawala ulikuwa wa malafyale na koo zao, na taifa letu liliufuta utawala wa machifu mwaka 1963 kwa sababu njema. Wala tusiseme kwamba samaki wa zamani walihifadhiwa kwa hekima peke yake. Watu walikuwa wachache, na nyavu zilisukwa kwa mikono. Kwa hiyo hatusemi turudi kule. Twasema kwamba ile kanuni ya kumkabidhi kijana kazi pamoja na kauli ni ya kweli leo kama ilivyokuwa wakati ule, na kwamba leo hapana budi impe na msichana haki sawa.

Palikuwa na ulinzi mwingine pia, nao ni ule wa miko. Misitu mitakatifu kama ule wa Lubaga, huko Rungwe, haikukatwa ovyo, kwa kuwa watu waliiogopa. Hofu ililinda vizuri kwa muda mrefu. Lakini ulinzi wa hofu una kasoro yake: imani ikibadilika, hofu huondoka, na mti hubaki peke yake mbele ya shoka. Baada ya miko ikaja sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, katika eneo la meta 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza sumu, baruti na zana nyingine haribifu. Hizi ni sheria njema. Meta zile 60 ni kama ua wa ziwa. Ziwa lile hupanda na kushuka, nalo linahitaji ua wa kunyooshea miguu. Hata hivyo sheria nayo hulinda pale tu panapoonekana jicho la askari, na ukingo wa Songwe ni mrefu kuliko macho yote ya maaskari. Kinachoweza kukaa ukingoni usiku na mchana ni dhamiri ya mtu anayeishi hapo, na dhamiri haiji bila elimu.

Ndiyo maana kazi hii imeangukia shule. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ziwe jumuiya zinazofanya kazi na kufikiri juu ya kazi hiyo, na alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua. Tunajua yaliyotokea mahali pengi: kazi ilibaki, kuamua kukapotea. Jembe likawa adhabu ya mchelewaji, na kufyeka kukawa malipo ya mtoro. Ikiwa mwanafunzi anaokota taka za ufuko kwa sababu alizungumza darasani, atajifunza kwamba ufuko ni mahali pa kuadhibiwa, na akiisha kumaliza shule hatakanyaga tena huko kwa hiari. Twawaomba walimu walitafakari jambo hili moja kabla ya mengine yote: ufuko usiwe gereza la viboko.

Nafasi ya kufanya vizuri zaidi ipo. Nchini Kenya vilabu vya wanafunzi vya kuhifadhi wanyamapori vilianza mwaka 1968; kwetu vilabu vya Malihai vilianza mwaka 1980; na mwaka 1991 wanafunzi kumi na wawili wa Dar es Salaam walikutana na Jane Goodall wakaanzisha chama cha Roots & Shoots, ambacho baadaye kilienea katika nchi nyingi duniani. Tukivitazama vyama hivyo twaona kwamba vimedumu pale ambapo vijana walikutana kwa kupenda, wakachagua tatizo lao wenyewe, wakalishughulikia pamoja. Mnyakyusa wa zamani angekitambua kitu hicho mara moja, angesema: huo ni ukwangala.

Lakini liko jambo gumu ambalo haifai kulifunika. Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana wa kidato cha pili, mwanachama wa klabu, amefundishwa shuleni kwamba kokoro huburuta chini ya maji na kuvibomoa viota ambavyo samaki huvijenga mchangani. Amefundishwa kwamba samaki wengi wa Ziwa Nyasa huyatunza mayai na watoto wao kinywani, na kwamba mama akiwa na watoto kinywani hukaa siku nyingi karibu bila kula. Kwa hiyo mama mmoja anayevuliwa ni ukoo mzima uliovuliwa. Ameyaelewa, na yamemgusa. Jioni anarudi nyumbani na kumkuta baba yake ameketi chini ya mwembe, anashona kokoro. Sare aliyovaa msichana huyo ilinunuliwa kwa kokoro hilo. Afanye nini?

Wapo watakaosema: akatoe taarifa, sheria ni sheria. Wapo watakaosema: anyamaze, mtoto hamfundishi mzazi. Sisi twaona kwamba majibu yote mawili yanamtupa mtoto. Jibu la kwanza linamfanya awe mpelelezi nyumbani kwao, na hakuna ziwa linalostahili kununuliwa kwa bei ya kuvunja imani ya mtoto na baba. Jibu la pili linaifanya elimu yake iwe pambo la mtihani, la kujibia maswali na kusahau. Tena majibu yote mawili yanaitoa serikali na kijiji katika mambo, yakauacha mzigo wote juu ya mabega ya mtu aliye mdogo kuliko wote.

Kwa maoni yetu, msichana huyo hapaswi kuachwa peke yake. Alichojifunza alijifunza pamoja na rika lake; na kisemwe na rika. Klabu ya shule ipewe nafasi ya kusimama mbele ya kijiji na kueleza: hivi ndivyo samaki wanavyozaa, hapa ndipo wanapozalia, hizi ndizo siku ambazo mbasa hupanda mto. Hapo hakuna baba aliyetajwa, na kila baba amesikia. Kisha kijiji nacho kina wajibu wa kumwuliza yule baba swali ambalo mtoto hawezi kumwuliza: ukiliacha kokoro, utakula nini, nasi tutakusaidiaje upate wavu wa macho makubwa? Maana mwenye njaa haelimishwi kwa kuonywa tu. Kijana wa miaka ishirini asiye na shamba, anayechota vifaranga kwa chandarua, anajua kwamba anaimaliza kesho yake. Anafanya hivyo kwa sababu leo yake imekwisha kumalizika. Ulinzi wa ufuko usiomjali mtu huyu utakuwa ni ulinzi dhidi ya maskini, na hautadumu.

Kwa hiyo twarudi kwenye swali la kauli. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, wajumbe wa mkutano mkuu wa kijiji ni wakazi waliotimiza umri wa miaka kumi na minane. Mwanafunzi wa miaka kumi na mitano, ambaye tumemwita mlinzi wa ufuko, hana kiti mahali ambapo sheria ndogo za ufuko huo hutungwa. Hatusemi umri huo ubadilishwe. Kila nchi huweka mpaka wa utu uzima. Lakini kualika si kupigisha kura. Halmashauri ya kijiji yaweza kuwaalika vijana waeleze walichokiona, na yaweza kuwajibu hadharani. Tusipofanya hata hilo, basi tusiwaite walinzi. Tuwaite vibarua wasio na ujira.

Wazee watauliza: watoto hawa wana nini cha kutuambia? Penye wazee haliharibiki neno. Twaheshimu methali hiyo, lakini wazee wenyewe wanajua kwamba mengi yameharibika wao wakiwapo. Ukweli ni kwamba kila upande una ujuzi ambao mwingine hana. Mzee anajua zamani mbasa alipanda mto upi, na matete yalifika wapi, na kila samaki aliitwaje kwa Kinyakyusa. Kijana anaweza kupima, kuhesabu na kuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Klabu ya Ngana yaweza kufungua daftari la mto: kila mwezi upana wa matete ukingoni, rangi ya maji baada ya mvua, samaki walioonekana na wasioonekana, na pembeni yake maneno ya wazee walioulizwa. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Baada ya miaka kumi daftari hilo litakuwa na sauti ambayo hakuna mkutano utakaoipuuza. Tena litakuwa limeokoa lugha, kwa sababu samaki akipotea ziwani, jina lake nalo hufa kinywani. Na taifa linalopoteza majina ya viumbe vyake hupoteza sehemu ya fikra zake.

Na kwa kuwa Songwe ni mto wa nchi mbili, daftari hilo lingefaa liwe na ndugu yake ng'ambo. Mto huo huhama njia yake wakati wa mafuriko, ukaichukua ardhi ya huyu na kuirundika kwa yule. Udongo wake hauonyeshi hati ya kusafiria. Vijana wa kingo zote mbili wakipanda matete na mianzi upande mmoja tu, maji yatakula upande wa pili. Wakipanda kwa shauri moja, watakuwa wamefanya jambo ambalo hata wakubwa hulifanya kwa taabu.

Wahenga walisema pia, samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo hutumiwa sana kuwahimiza watu wawafundishe vijana mapema, nasi twaikubali. Lakini mkunjaji naye ajiulize anamkunja samaki kwa ajili ya kikaango cha nani. Malezi yanayomfanya kijana awe mtii kwa kila amri yaweza kumfanya aokote taka leo na avute kokoro kesho, kwa kuwa aliyemwamuru amebadilika. Malezi tunayoyataka ni yale yanayomfanya ajue sababu, aone wenzake wako pamoja naye, na awe na mahali pa kusema asikilizwe. Kijana wa namna hiyo ataulinda ufuko hata siku ambayo hakuna mwalimu, wala askari, wala mgeni wa kumpigia makofi. Tumeyafupisha maoni yetu katika ubeti huu, ambao walimu wanaweza kuwapa wanafunzi waujadili, na wakiona tumekosea watujibu kwa ubeti wao:

Kama wampa kulinda, mpe pia na kauli,
Asiwe mwenye kupanda, mwingine akala mali;
Ufuko ukishakonda, haurudi kwa methali,
Amana si ya kuponda, ni kutunza kila hali.